Kazi Inayokukaa: Namna ya Kuoanisha Kipaji na Kazi Ukiwa Arusha au Moshi

Muulize kijana yeyote wa Arusha anataka kazi gani, atakujibu kwa jina: uongozaji watalii, uhasibu, uuguzi, biashara. Jina peke yake halitoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na kazi ya jina moja, mmoja akaamka na hamu nayo na mwenzake akawa anahesabu siku tu hadi mshahara uingie. Tofauti iko kwenye shughuli zenyewe za kutwa: unashinda na nani, mikono inafanya nini, unaongea au unanyamaza, na ukikosea anaumia nani. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo. Unapopima kipaji chako, kipime kwa shughuli za kazi, jina liache pembeni.

Nimewaandikia zaidi watu wa aina tatu: aliyemaliza kidato cha nne na hajui pa kuelekea, mhitimu anayezunguka na bahasha ya vyeti, na mwenye kazi ambaye kila Jumatatu anakwenda kwa kujivuta. Kama kwa sasa huna kipato kabisa, chukua kibarua kilichopo kwanza. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa mtu mwenye njaa walisema kweli. Hatua zifuatazo unaweza kuzifanya ukiwa kwenye kibarua hichohicho.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi

Mwenye kipaji mara nyingi ndiye wa mwisho kukiona. Jambo linalokuwia rahisi unadhani ni rahisi kwa kila mtu, kwa hiyo hulihesabu. Ndiyo maana nashauri usianze kwa kujiuliza "napenda nini?", maana jibu lake hubadilika kutokana na ulichokitazama jana kwenye simu. Anza na ushahidi.

Nunua daftari la kawaida, ulitumie kwa wiki tatu au nne. Kila jioni andika mambo mawili: shughuli iliyokufanya usahau simu, na shughuli uliyoikwepa au kuiahirisha. Andika kitendo chenyewe. "Leo kazini palikuwa pazuri" haikusaidii chochote. "Nilipanga upya stoo ya vinywaji nikagundua kreti zilizopungua" inakusaidia sana, kwa sababu inaonyesha jicho lako linatua wapi.

Kurasa za nyuma za daftari ziandike jambo jingine: watu hukujia wakiwa na shida gani. Kila ukoo una mtu anayepigiwa simu msiba ukitokea ili apange kamati na michango. Yupo anayeitwa friji ikigoma. Yupo anayesukumwa mbele akazungumze na mwenye nyumba kwa sababu ana maneno ya kutuliza. Yupo anayeachiwa watoto wasumbufu wakatulia. Hawa hawalipwi, na wengi wao hawajawahi kufikiri kwamba wanachokifanya ni kazi. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko karatasi yoyote ya maswali.

Kisha watafute watu watatu waliowahi kukupa kazi, hata kama ilikuwa kubeba matofali au kuuza duka wakati wa likizo. Waulize maswali mawili: "Ni kitu gani nilikifanya vizuri?" na "Ni kitu gani usingenipa tena?" Usiishie kwa mama na marafiki wa kijiweni, hao wanakupenda na watakulinda. Swali la pili lina thamani zaidi ya lile la kwanza, na utalazimika kulirudia ndipo ujibiwe ukweli, maana watu wetu ni wastaarabu na hawapendi kumwambia mtu kasoro zake usoni.

Ukishapata kurasa kadhaa, utahitaji namna ya kuzipanga. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alianza mwaka 1959 kuchapisha nadharia yake inayogawa mielekeo ya watu kazini katika mafungu sita, na hadi leo washauri wa kazi duniani wanaitumia. Kuna wanaopenda vitendo, vifaa na mashine, kama mafundi wa gereji za Unga Limited, Arusha. Kuna wachunguzi, wanaotaka kujua kwa nini, ambao utawakuta kwenye maabara za hospitali ya KCMC, Moshi. Kuna wenye mwelekeo wa sanaa. Kuna wanaopata nguvu kwa kusaidia na kufundisha watu. Kuna wa kushawishi na kuongoza, wanaoweza kukuuzia shati pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, hali ulikuwa unapita tu. Na kuna wa mpangilio: hesabu, kumbukumbu, stoo. Hakuna mtu wa fungu moja tu. Tafuta mawili au matatu yanayojirudia kwenye daftari lako, mengine yaache. Usiyageuze mafungu haya kuwa unajimu.

Hatua ya pili: tenganisha kupenda kutazama na kupenda kufanya

Hapa ndipo wengi hupotea. Kupenda kula ni jambo moja, kuamka saa tisa usiku kuandaa chakula cha watu mia mbili wa sherehe ni jambo jingine kabisa. Kupenda nguo nzuri hakukufanyi fundi cherehani. Fundi ni yule anayeweza kufumua mshono wa bega mara ya tatu, bila kununa, kwa sababu ameona umevuta.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua sehemu inayochosha zaidi ya shughuli unayosema unaipenda, ujiulize kama uko tayari kuirudia kwa mwaka mzima. Anayependa kupiga picha aulizwe kuhusu kukaa mbele ya kompyuta akichambua picha mia tano za send-off. Anayependa kilimo cha nyanya aulizwe kuhusu kukagua majani kila asubuhi akitafuta kantangaze, yule mdudu anayekula nyanya. Ukiona sehemu hiyo haikutishi, hapo pana kitu.

Nakusihi pia usisubiri shauku ikushukie ikiwa kamili. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliona kwamba watu wanaoamini shauku ni kitu kilichokwisha kukamilika ndani yako, kinachongoja kugunduliwa, hutarajia mambo yawe rahisi wakishaipata, na hukata tamaa haraka yanapokuwa magumu. Wanaoamini shauku hukuzwa huvumilia zaidi. Nenda kwenye gereji yoyote ukawaulize mafundi wakongwe: wengi watakwambia waliletwa na mjomba wakiwa hawajui hata spana namba kumi, na mapenzi ya kazi yalikuja mkono ulipoanza kukubali.

Hatua ya tatu: vunja kazi vipande vipande

Chagua kazi mbili au tatu ambazo daftari lako linazielekea. Kila moja iandikie siku yake nzima, kuanzia kuamka hadi kulala. Kama huijui siku hiyo, kamwulize anayeifanya. Nitakuonyesha kwa mfano wa kazi ambayo kila chalii wa mjini hapa ameshaiwaza.

Kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro kwa nje ni mlima, hewa safi na dola. Sasa tuivunje. Siku nyingi ni za kutembea taratibu kuliko unavyotaka, kwa sababu mwendo ni wa mgeni. Njiani unaulizwa maswali yaleyale na kila kundi, na inabidi uyajibu kama vile umeulizwa leo kwa mara ya kwanza. Jioni unapita hema kwa hema: amekula? Amekunywa maji? Kichwa kinauma? Anapumuaje? Usiku wa kileleni mnaondoka karibu na saa sita ili alfajiri iwakute juu, kwenye mita 5,895, na muda wote taa yako ya kichwani inaangalia miguu ya mtu aliye mbele yako kama inayumba. Ikiyumba, wewe ndiye wa kumwambia mtu aliyejinyima miaka na kulipa pesa nyingi kwamba safari yake inaishia hapo, anateremka sasa hivi. Atalia, pengine atakutukana. Unamteremsha.

Kwa hiyo vipaji vinavyotakiwa hapo ni jicho la kuona mabadiliko madogo kwa mtu, subira isiyokwisha, na uthabiti wa kusema hapana kwa upole. Kupenda mlima kunasaidia, lakini hakuwezi kushika nafasi ya hivyo vitatu. Kama unaupenda mlima na watu wanakuchosha, usilazimishe. Nyanda hizi zina kazi nyingine za porini: Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, juu kidogo ya Moshi, kimekuwa kikifundisha wahifadhi tangu 1963, na mhifadhi hutumia muda wake mwingi na wanyama, ramani na takwimu. Kama unawapenda watu lakini miguu haitaki kupanda, kuna mapokezi ya hoteli, kuna kuendesha gari la safari. Nalo lina vipande vyake: vumbi, saa nyingi kwenye usukani, pancha katikati ya Serengeti, na macho yanayoweza kumwona chui aliyelala kwenye tawi huku mikono ikiendesha.

Usisahau majira. Kazi za utalii hupungua sana masika, Machi hadi Mei. Mtu asiyetulia bila mshahara wa kila mwezi atateseka hata kama kipaji chake kinafaa kabisa, kwa hiyo tabia yako kuhusu fedha nayo iingie kwenye hesabu.

Mfano wa pili nautoa kwa sababu naona unasahaulika. Vijana wengi wa Machame, Marangu na Kibosho wamekulia kwenye vihamba vya kahawa, lakini ukiwauliza kuhusu kazi za kahawa watakutajia kulima tu. Moshi ndiyo makao makuu ya Bodi ya Kahawa, na biashara ya kahawa inahitaji waonjaji. Mwonjaji anapangiwa vikombe mezani, kahawa imekaangwa na kusagwa, maji ya moto yamemiminwa juu. Anasubiri dakika chache, anainama, anauvunja kwa kijiko ule ukoko uliotanda juu na kuuvuta mvuke puani. Kisha anachota, anaifyonza kwa sauti kubwa ili isambae ulimi mzima, anaitema, anaandika, anasogea kikombe kinachofuata. Anatakiwa aseme hii ina uchachu mzuri, hii ilichachuka kupita kiasi kabla ya kuoshwa, hii ilikaa kwenye gunia lenye unyevu. Je, nyumbani ndiye wewe unayesema "maziwa haya yameanza kuharibika" kabla ya wengine wote? Una pua na ulimi, na hicho ni kipaji chenye soko lake mkoani kwako.

Ukimaliza kuvunja kazi vipande, weka alama kwenye kila kipande: kinanipa nguvu, sikijali, kinanichosha. Kazi ambayo theluthi mbili ya saa zake zinakuchosha iache, hata kama jina lake linawapendeza ndugu.

Hatua ya nne: onja kabla ya kuhama

Usiache kazi ili ukajaribu kazi. Tafuta namna ya bei nafuu ya kuionja.

Ya kwanza ni kwenda kukaa na mwenye kazi Jumamosi kadhaa. Nenda asubuhi kabla hajazidiwa na wateja, umwamkie vizuri: "Shikamoo fundi. Mimi ni jirani hapa mtaa wa pili. Naomba Jumamosi nije nikusaidie kazi ndogondogo nijifunze, sihitaji malipo." Wengi watakubali. Fagia, shika tochi, peleka vipimo, angalia. Usiulize maswali kumi kwa mpigo, subiri akiwa anakunywa chai.

Ya pili ni kozi fupi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo Moshi, na Njiro, Arusha, wana chuo cha hoteli na utalii. Kozi ya miezi michache ni kipimo kizuri kwa sababu inakulazimisha kurudia shughuli ileile ukiwa na mwalimu. Na kama tayari umejifunza ufundi mtaani bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa ulichonacho mkononi, ukifaulu unapewa cheti. Mafundi wengi hawaujui utaratibu huu, au wanaujua na wanauogopa bure.

Ya tatu ni kuuza kidogo. Shona gauni moja, oka keki tatu, tengeneza simu mbili, fundisha mtoto mmoja wa jirani hisabati kwa mwezi. Ila mteja asiwe ndugu. Shangazi atanunua keki hata ikiwa ngumu. Angalia kama mgeni anarudi mara ya pili na kama anamleta mwenzake. Sifa bila kurudi ni adabu tu.

Kwa mwanafunzi wa sekondari na mzazi wake, mambo yamebadilika: mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kando ya ule wa elimu ya jumla. Mtoto mwenye mikono ya ufundi asichukuliwe kuwa ameshindwa shule. Na kabla hajajaza tahasusi kwenye Selform, ile fomu ya machaguo, fanyeni hatua ya kwanza na ya tatu za mwongozo huu pamoja, likizo moja inatosha.

Hatua ya tano: piga hesabu

Andika kodi, chakula, nauli, michango, na ada za Januari. Jiulize kazi mpya italeta kiasi gani katika mwezi mbaya, achana na mwezi mzuri. Pengo linalobaki ndilo unalotakiwa kuwekea akiba kabla ya kuhama, na liwekee miezi sita kama una wanaokutegemea. Usikope ili kujaribu. Kopa ukishajua wateja wapo. Hapo unaweza kuangalia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanzia, na kwa vijana na wanawake mtahitaji kuwa kwenye kikundi.

Hatua ya sita: kabla ya kuhama, badilisha vipande vya kazi uliyonayo

Pengine huna haja ya kuondoka. Namfahamu dada mmoja Moshi aliyesomea uhasibu, akakaa muda mrefu bila ajira, akaishia kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa karibu na soko la Mbuyuni. Alikuwa anajiona amepotea. Lakini ukikaa pale nusu saa unaona jambo: mama wa ndizi anakuja na simu yake, ujumbe hauelewi, dada anatoka nje ya kibanda, anachuchumaa kando ya ndoo, anamweleza makato kwa mfano wa mikungu hadi mama anacheka na kusema "kumbe!" Siku moja mama mmoja akamwomba awasaidie kusoma daftari la kikoba chao, hesabu zilikuwa zimeleta ugomvi. Akazinyoosha, na kilichowavutia zaidi ni kwamba aliwaeleza bila kumdhalilisha mweka hazina. Kikundi kingine kikamwita, na kingine. Leo kibanda bado anacho, lakini siku kadhaa za wiki anasimamia vitabu vya vikundi na analipwa. Hakubadilisha fani. Aliongeza saa za kipande alichokuwa na kipaji nacho, yaani kumfanya mtu aelewe fedha yake, akapunguza saa za kukaa nyuma ya dirisha.

Wewe nawe tazama kazini kwako. Kama wewe ni mwalimu na unapenda bustani kuliko ubao, omba usimamizi wa shamba la shule. Kama ni mlinzi na mkono wako ni mzuri wa kuandika, omba kutunza daftari la wageni na ripoti. Mwombe bosi kipande kimoja, kwa muda maalumu, ukimweleza yeye atafaidika nini. Ombi dogo la namna hiyo mara nyingi hukubaliwa.

Hatua ya saba: zungumza na nyumbani

Kwetu kazi ya mtu haijawahi kuwa yake peke yake. Kuna aliyeuza ng'ombe ili usome. Ukibadilisha njia kimyakimya, wanaona umewadharau.

Desemba ndugu wanaporudi Moshi ni wakati mzuri, lakini usilianzishe mbele ya ukoo mzima mezani. Mtafute kwanza mmoja anayesikilizwa na wazee, shangazi au baba mdogo, umweleze kwa utulivu, akusindikize. Halafu kaa na wazazi. "Baba, mama, nawashukuru kwa mlivyonisomesha. Nimekuja kuwaeleza nilichokiona na nilichokwisha kukijaribu." Kisha onyesha: wateja waliorudi, pesa iliyoingia, akiba iliyopo. Mzazi wa Kilimanjaro anaheshimu hesabu. Usibishane kuhusu ndoto, maana hapo atakushinda kwa umri. Akiomba muda, mpe, na wewe endelea na kazi yako ya awali bila kuonyesha hasira.

Ikianza kulipa

Pata TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, haina malipo. Kama unatumia jina la biashara lisilo lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha fuatilia leseni halmashauri. Fungua kitabu cha mapato na matumizi siku ileile ya mteja wa kwanza, na kama fungu la mpangilio halipo kabisa kwenye daftari lako, mtafute mwenye kipaji hicho mapema umlipe akutunzie.